Maneno Yenye Msalaba

Cheektowaga, Januari 2016

Baba yangu niliyekuzika Louisville,

Sikuandikii kukusalimu. Nakuandikia kwa sababu ya mjukuu wako, na nimekukasirikia. Nayasema haya mbele za watu, maana faraghani nimekusihi na hukusikia.

Ngoja nianze na mema, kama ulivyotulea. Nakukumbuka kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na ile kamusi kuukuu ya Kiingereza uliyoachiwa na padre, isiyo na jalada. Baadhi ya maneno yalikuwa na kimsalaba kidogo pembeni. Ukasema hayo ndiyo yaliyobarikiwa. Muumini kama wewe ungesema nini kingine? Ukayaruka yote mengine, ukayakariri yenye msalaba, na sisi ukatukaririsha. Tukafika Newburg, mtaa wa Louisville, na Kiingereza ambacho hakuna Mmarekani aliyekijua. Msimamizi wako ghalani alipokuuliza utarudi lini kazini, ulimjibu "overmorrow", yaani keshokutwa. Yeye akadhani ni Kiswahili.

Ukweli tuliupata Columbus, kwenye harusi ya binamu yangu. Tuliketi meza moja na kijana Mkenya aliyekuwa akisoma chuo kikuu, nawe ukamfunulia kamusi, kwa kuwa hata harusini ulikwenda nayo. Alicheka kwa adabu. "Mzee, hiyo si cross ya church. Inamaanisha hilo neno lilishakufa. Nobody uses it."

Uliifunga taratibu. Njiani kurudi Louisville tulivuka mto. "Bon," ukasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, chenye Kifaransa ndani yake. "Donc hii myaka yote nilikuwa naongeaka na wafu."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

Mwingine angeitupa ile kamusi. Wewe uliniuliza, "Kama byote bilikufa, nani atabiita?" Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula, ulikaa mezani ukiyaita maneno kwa sauti, ukinyamaza kidogo baada ya kila moja kana kwamba unangoja liitike. "Lyke-wake", kukesha na maiti. "Ereyesterday", juzi. Ulifurahi kweli kugundua kwamba Waingereza nao waliwahi kuwa na juzi na keshokutwa, kama watu wenye akili zao. Nilikupenda mno jioni zile, baba, ingawa kwa hofu nilikuwa nikiwasha taa zote.

Neno moja lilinikwama: "fey". Ulinieleza huku ukimenya viazi kwamba ni mtu ambaye kifo kimeshamchagua, naye bila kujua anachangamka ghafla, anacheka kupita kiasi. Wiki yako ya mwisho ulicheza jikoni na ufagio, wewe wa magoti mabovu. Kanisani wakashukuru kwamba mzee amepona. Mimi nilijua hali ile inaitwaje, na nilinyamaza. Tulipokuzika nilikuwekea kamusi yako ndani ya jeneza, nikadhani mambo yameishia hapo.

Mwanangu alizaliwa baada yako, tukampa jina lako kama desturi yetu ilivyo. Kisha tukahamia huku Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, mume wangu alipopata kazi kiwandani. Maneno yako sijayatamka ndani ya nyumba hii hata siku moja. Mume wangu hayajui.

Leo mchana mtoto alikuwa dirishani akitazama theluji, mimi nakunja nguo. Akaitika kwa sauti kubwa, "Naam!" Hakuna aliyekuwa amemwita. Unajua ulivyotufunza wewe mwenyewe: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana kuitika ni kukubali kwenda.

"Nani amekuita?"

"Babu. He's in the snow."

"Babu amesema nini?"

"He said overmorrow, Mama."

Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi, usawa wa uso wa mtu mzima. Nikaupangusa kwa kiganja. Haukufutika, kwa sababu ulikuwa upande wa nje.

Halafu akaanza kucheza. Amecheza mchana kutwa, anacheka hadi anakosa pumzi, mtoto ambaye siku zote ni mpole kama maji ya mtungini. Homa hana. Mume wangu anasema furaha ya mtoto si ugonjwa, niache ushirikina. Nami siwezi kumwambia neno ninalolijua.

Baba, naogopa. Najua uko mpweke. Uliyaita yaliyokufa miaka yote bila kuitikiwa, na sasa uko upande wao, unatamani sauti moja tu ikujibu. Nakuonea huruma hadi machozi yananitoka nikiandika. Lakini huyu ni mwanangu. Hajajua hata kuvaa viatu vyake. Jina lako tulimpa kwa heshima, hatukukupa mkono wa kumshikia.

Kwa hiyo jioni hii, kabla hajalala, nimemvua jina lako. Nimempa jingine, nalo silitaji hapa. Nimemnong'oneza sikioni mpaka akaligeukia. La kwako nimelirudisha kwako, na kuanzia leo hakuna atakayeliita katika nyumba hii, hata mimi. Najua ninachokufanyia. Wewe kuliko watu wote unajua jina lisiloitwa huishia wapi.

Keshokutwa ukipita ukaita, baba, hapa hakuna mwenye jina hilo.

Nenda salama,

Binti yako, mama wa mtoto