Waliyapiga Msasa Macho ya Phacops

Dada yangu Halima,

Amani iwe juu yako huko uliko. Nimetoka shuleni kwako sasa hivi.

Unakumbuka, miaka ile ya sabini, uliponiwekea ile trilobiti kiganjani? Nilidhani ni kupe wa ngamia aliyekauka. Nikaitupa, nikakimbilia sabuni. Ulicheka ukashika mbavu. "Wewe mtoto wa wafugaji unaogopa kupe!" Kisha ukanikalisha mlangoni kwetu Chechelesi, ukakipitisha kidole changu juu ya yule mnyama wa bahari aliyegeuka jiwe kabla binadamu hajakuwapo: kichwa chenye vipele, kifua cha pingili kumi na moja, mkia, na mifereji miwili inayomgawa mapande matatu kwa urefu. Ukanipa lenzi. Jicho lake lilikuwa vilenzi vikubwa vikubwa, kila kimoja peke yake.

"Hapo ndio unamjua ni Phacops," ukasema. "Wenzake wengi hawana macho kama haya. Na usiniamini mimi, angalia mwenyewe."

Ulipougua ule ugonjwa uliokuchukua, uliiachia shule jiwe hilo, ili watoto wa Isiolo nao waangalie wenyewe.

Kesho wanafungua maabara mpya. Mwalimu mkuu, huyu aliyekuja baada yako, aliniita niandike kadi ya kuweka mbele ya jiwe. Nikalikuta linameta kama peremende iliyonyonywa. Alilipeleka kwa seremala, likapigwa msasa, kisha vanishi. Vipele vimeisha. Macho hakuna, vimebaki vinundu viwili laini.

"Si sasa imeng'ara, Madam? Ilikuwa inakaa chafu, na tuko na wageni."

Nilitaka kumtapikia viatu.

"Na watoto watamtambua na nini?" nikamuuliza.

"Si wewe unajua jina? Andika tu, watashika kwa kichwa."

Kukariri, dada! Kitu ulichokichukia kuliko vyote. Mnyama amekaa ardhini miaka isiyohesabika, macho yake mazima, akaja kupofushwa Isiolo kwa sababu ya wageni wa asubuhi moja. Tena hakuna wa kurudisha alichokwangua yule seremala.

Sikuandika Phacops. Niliandika, kwa herufi kubwa: JIWE.

Mwalimu mkuu akaisoma, akatabasamu. "Hiyo ni sawa kabisa," akasema, akaibandika.

Pumzika, dada. Mimi sijui nitapumzika lini.

Mdogo wako,
Kaltuma