Swichi Iliyokataa Kupanda

Baba,

Mama ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kusikiliza hadithi kabla ya kujua nani kaumia. Hakuna aliyeumia. Mama yuko jikoni anakuna nazi na kunung'unika kwamba kucha zake bado zina chokaa. Mimi nimekaa kwenye kiti chako cha kamba nakuandikia.

Unakumbuka tulivyogombana? Nilikitaka chumba cha ndani, kile chako cha vifaa, nioteshe saladi. Nikakueleza kwamba hoteli za Manda zaletewa majani kutoka bara, yakifika yamesinyaa. Nje, jua na upepo wa chumvi huua nusu, na nusu nyingine huliwa na punda wa jirani. Ndani, chini ya taa, mizizi ikiwa kwenye maji, ningevuna mwaka mzima. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Umeme hauna mjomba, mwanangu. Mai na chumvi ndiyo ndia yake, hupitia humo, na kuta za nyumba hii zimejaa vyote viwili." Ukakataa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakwambia mbele ya Mama kwamba umezeeka, fundi wa umeme mzima unauogopa umeme. Ulimaliza chai yako ukaenda kuswali alasiri. Mwezi uliofuata ukaugua. Kila nilipokaa kando ya kitanda chako nilipanga kukuomba radhi, na kila mara nikajikuta nakuuliza kama unataka uji.

Mama alipotoka eda alinipa ufunguo wa chumba kile mwenyewe. Alisema kimya cha mle ndani kimemchosha. Nikaenda Mombasa kununua vifaa, na kwa kweli nilikwenda na hasira. Nilitaka kukuonyesha. Lakini dukani mkono wangu ulinisaliti. Muuzaji aliniwekea mezani ekstensheni nyeupe inayong'aa, matundu sita, nami nikaanza kuupima waya wake mkononi vile vile ulivyokuwa ukipima wewe, kama mtu anunuaye samaki. Mwepesi. Nikaomba bisibisi nikafungua plagi, nikaukwangua waya kwa ncha. Juu shaba, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa rangi. Yule bwana akacheka, akaniuliza, "Kwani wewe dada, baba yako fundi?" Nilitoka nje nikalia kwanza, kisha nikaingia duka jingine.

Nikanunua taa zilizozibwa zisiingie maji, zilizoandikwa hivyo kwenye mwili wake na si kwenye boksi tu. Nikanunua pampu ya volti kumi na mbili, ambayo hata ikipasuka majini haitamtupa mtu, na adapta yake ikakaa nje ya chumba. Nilijumlisha wati za kila kitu kama ulivyonifundisha, halafu nikachukua waya mnene kuliko hesabu. Na nikanunua ile swichi inayokata umeme ukianza kuvuja, ile uliyokuwa ukisema wateja wako huikataa kwa sababu haiwashi taa yoyote.

Fundi Kassim, aliyekushikia ngazi miaka yote ile, alikuja kufunga. Kabla ya kufungua mkoba alipitisha kidole ukutani, akakiramba, akatikisa kichwa. Chumvi. Basi soketi hakuzigusisha ukuta, alizipanda juu ya ubao, usawa wa kifua, mbali na matangi. Kila waya aliuacha uning'inie kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni. Fimbo ya shaba, ya kuushusha ardhini umeme unaovuja, aliipigilia uani mpaka akafika kwenye udongo wa maji. Alipomaliza akaniambia, "Swichi hii ikikataa kupanda, usishindane nayo. Tafuta imeona nini."

Sasa nakuungamia. Fundi Kassim alipoondoka nikaona majani yanataka feni, na waya wa feni haukufika kwenye ubao. Chini ya kitanda chako palikuwa na ile ekstensheni ya zamani uliyomkataza kila mtu kuigusa. Nikaivuta, nikaichomeka kwenye ubao, nikaiweka ndani ya kidaka kile cha chini ukutani karibu na mlango, ambamo Mama alikuwa akipanga vikombe vyake vya kauri. Ilienea humo kana kwamba babu zetu walikichonga kwa ajili yake. Nikasema ni kwa siku mbili tu. Ikawa miezi mitatu.

Wiki hii Ramadhani imekaribia, na Mama unamjua. Mwezi hauwezi kuingia nyumba haijapakwa chokaa. Mimi nilikuwa gatini napakia saladi ya Manda. Nyuma yangu akachanganya chokaa, akachukua fagio la makumbi, akaanza na chumba chako. Na kwa kuwa chokaa haishiki ukuta mkavu, akaumwagia ukuta maji kwanza, kopo kwa kopo, na vidaka vyote ndani yake. Peku, sakafu imelowa, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Feni inazunguka.

Alinipigia simu kwa hasira. "Zuhura, taa zako zimezima zote. Yeo umeme wako una wazimu gani? Napandisha swichi yashuka, napandisha yashuka, mara tatu! Nimeiwata, siigusi tena." Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi anajipepea, chokaa usoni, amenuna. Nilipochungulia kidaka nikaona maji yamesimama kwenye matundu ya ekstensheni, yamekuwa meupe; hicho ndicho swichi ilichokiona.

Nikamshika mikono. Nikaitazama kiganja kwa kiganja, kidole kwa kidole. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikakaa pale pale kwenye maji, na sketi yangu nzuri, nikacheka na kulia pamoja, na Mama akaanza kunisomea akidhani nimeingiwa na kitu. Alhamdulillahi, Baba. Nimeisema tangu wakati ule na bado sijaisema ya kutosha.

Ile ekstensheni nimeikata vipande kwa koleo lako, asije akaiokota mwingine. Fundi Kassim amenitukana kwa adabu, kisha akaongeza soketi ya feni juu ya ubao. Kidaka kimerudishiwa vikombe. Ukuta ulipokauka tuliwasha tena, na swichi ikapanda mara moja, ikakaa. Saladi haikufa hata moja. Mama bado anaiita majani ya mbuzi, lakini jana nilimwona anatafuna moja alipodhani simtazami.

Neno nililokwambia siku ile sikupata kulifuta ukiwa hai. Nalifuta sasa. Hukuwa umezeeka. Ulikuwa unamwona Mama na kopo lake la maji kabla mimi sijanunua hata taa moja, na mimi nikaona uoga.

Basi pumzika, Baba, Mola akulaze pema na akupanulie kaburi lako. Ile swichi ina kitufe cha kuijaribia. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nikishakusomea Yasini, nitakibonyeza. Chumba kitazima, nitasimama gizani kidogo nilitaje jina lako, kisha nitaiwasha. Hiyo ni ahadi.

Asubuhi hii, kabla Mama hajachovya fagio kumalizia ukuta wa sebule, nilimwondolea ndoo nikaenda kuzima umeme wa nyumba nzima. Akanitazama, akasema, "Umekuwa mwoga kama babako."

Nikamwambia ndiyo, Mama. Kama baba.

Mwanao,
Zuhura