Kibuyu cha Varo

Jumatatu, 17 Agosti 1987

Sikukuu. Duka limefungwa, baridi ya kukata masikio. Mazoezi kwenye gereji ya mama tangu asubuhi. Sisi watatu tu — mimi na gitaa la besi, mdogo wangu Varo na dramu zake, Dardo Lencina na gitaa lake na ule mdomo wake.

Ijumaa tunapiga klabuni, hapa Rosario, na bado hatuna jina. Dardo anataka jina la kutisha, mara damu, mara kaburi. Varo akamuuliza, sisi tunafanya mazoezi lini? Jumatatu za sikukuu, kwa sababu ndiyo siku dada yangu Zulema hauzi vifungo dukani. Basi tuitwe hivyo hivyo. Lunes Feriado, Jumatatu ya Sikukuu.

Dardo akasema hilo si jina la bendi, ni tangazo la benki. Lakini jioni nimemkuta amelichora kwa chaki kwenye ngoma kubwa. Ndiyo tabia yake, atabisha mpaka kitu kiwe chake.

Tumekunywa yerba, majani yetu machungu ya kuvuta kwa mrija, mchana kutwa. Anamimina Varo. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, sote tunazungukia hapo. Cha kwanza kichungu anakinywa yeye, kisha mimi, kisha Dardo, kisha yeye tena. Hakuna ruhusa ya kugusa birika. Anasema atakayeligusa atamvunja mkono, hata awe mama.

Jumatano, 9 Machi 1988

Wimbo wetu uko redioni! "Vifungo." Dardo aliutunga juu ya duka langu — mwanamke anahesabu vifungo vya mashati ya watu na shati lake mwenyewe liko wazi. Nilimwambia shati langu halijawahi kuwa wazi. Akasema huo ni usanii. Haya.

Leo amekuja mtangazaji kutoka Hispania, anatafuta bendi changa. Mtu mzuri, viatu safi. Varo akampa kibuyu. Jamaa akanywa, akarudisha, akasema asante sana kwa tabasamu mpaka kwenye magego. Masikini! Kwao wamefundishwa adabu. Kwetu hapa usimshukuru anayemimina mpaka utosheke. Ukisema asante umeaga, hupewi tena.

Basi Varo akamruka. Raundi nzima, na nyingine, na nyingine. Kibuyu kinampitia puani, yeye anameza mate. Dardo anaumwa mbavu kwa kicheko cha ndani. Nikasema jamani mgeni huyu hajui. Varo akajibu, anajua, si amesema mwenyewe? Huyo ndiye mdogo wangu. Neno likitoka, kwake limetoka.

Jumamosi, 14 Oktoba 1989

Uwanja wa klabu ulijaa mpaka juu ya ukuta. Bendera za mitaa yote, Refinería, Saladillo, wengine wametoka ng'ambo ya mto. Dardo hakufungua hata kinywa, watu walishaanza "Vifungo" wenyewe. Maelfu! Wanaimba habari za kaunta yangu!

Mimi niliangalia vidole vyangu. Vilikuwa sawa, havikukosea. Nikasubiri furaha ije. Varo alikuwa analia nyuma ya dramu, kamasi na jasho pamoja, Dardo amepanda juu ya spika kama kichaa. Mimi nikawa nafikiri nimeacha pasi imechomekwa.

Labda itakuja kesho.

Jumapili, 14 Juni 1992

Mama alichoma nyama uani. Dardo alichelewa, akaja na shati jipya. Utani wa kawaida — kwenye mpira yeye ni wa Newell's, sisi ni wa Central, mama akamwambia mbavu za ng'ombe ni za washindi, yeye ale soseji. Akacheka. Akala mbavu.

Baada ya kula, yerba. Varo akampa Dardo kibuyu cha pili. Akanywa, akakirudisha, akasema asante, Varo.

Cha pili! Dardo ambaye hunywa mpaka majani yanakuwa maji ya mtaro! Birika la Varo likabaki hewani.  Ndipo Dardo akatueleza. Anahamia mji mkuu. Kuna watu wanamtaka yeye peke yake, kwa jina lake mwenyewe, na bendi ya kule. Ameshakubali tangu Aprili.

Tangu Aprili. Tumepiga naye maonyesho manne.

Varo hakugombana. Alifuta mrija kwa kitambaa, akamwaga majani kwenye maua ya mama, akaingia ndani. Dardo akaniangalia, anangoja nimtukane. Ningemtukana, lakini nilitafuta tusi ndani yangu sikulipata. Nikaosha sahani.

Mama akaniuliza mbona silii. Nikamwambia kuna sahani.

Jumatatu, 15 Juni 1992

Nimeuza vifungo.

Alhamisi, 3 Agosti 2017

Miaka yote hii sijaandika. Hakukuwa na cha kuandika. Mama alifariki, duka limebaki. Dardo tulimwona kwenye televisheni, kisha tukamwona mara chache, kisha basi.

Leo amepiga simu dukani. Sauti ileile ila imechakaa kama zipu. Bwana huyu hakusalimia vizuri, kaanza na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamwambia wewe ndiye ndwele yenyewe. Akacheka sana, mpaka akakohoa. Anataka turudi. Onyesho moja, hapahapa Rosario, Jumatatu ya sikukuu ya Oktoba, alasiri, ukumbi mkubwa wa kando ya mto. Vijana siku hizi wanasikiliza "Vifungo" kwenye simu, ati.

Nilikata simu nikahudumia mteja. Sikusikia kitu moyoni. Ganzi tu, kama taya baada ya sindano ya meno.

Jioni nikapita kwa Varo. Yeye alikuwa akiendesha gari la mikate mpaka daktari alipomkataza usukani. Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, wa kushoto umeanza kuiga. Nilidhani atasema mwacheni huyo msaliti na mji wake mkuu. Sikumaliza hata sentensi. Alishasema ndiyo!

"Dada," kaniambia, "onyesho moja tu. Nikilipiga hilo moja lote, mwanzo mpaka mwisho, nimetosheka. Hata wakinifunga kwenye kiti."

Jumapili, 20 Agosti 2017

Gereji ileile. Dardo ana upara, amebeba boksi la mikate mitamu kama mposaji. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Varo akamwambia ingia bwana, unaleta baridi. Miaka ishirini na mitano, na ndiyo hotuba yote tuliyopata.

Varo akamimina. Mkono unaruka, maji ya moto yakamwagikia Dardo kiatuni. Sote tukaangalia dari. Dardo hakusogeza mguu. Akapokea kibuyu, akanywa mpaka kikafoka, akarudisha bila neno. Akapewa tena. Na tena. Alikunywa mpaka maji ya mtaro.

Tukapiga. Wimbo wa kwanza mkono wa Varo ulitulia, Mungu ni shahidi, kama wa zamani. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu fimbo ikaruka ikagonga kopo la rangi.  Varo mwenyewe akasema mkono huu umekuwa shabiki wa Newell's, unaanguka kipindi cha pili. Dardo alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 29 Septemba 2017

Dardo aliniita mkahawani pale pembeni. Nikamkuta na bwana Pelliza, mwandaaji, mtu wa mji mkuu, anakoroga kahawa isiyo na sukari. Tiketi zimekwisha. Wamemleta mpiga dramu, Fabricio, hodari, nyimbo zote anazo kichwani. Fabricio atapiga. Varo atatokea mwisho, atapiga wimbo mmoja, watu watampigia makofi wasimame. Kitu kizuri sana, asema Pelliza, watu watalia.

Nikauliza nani atamwambia. Pelliza akasema mficha maradhi kifo humuumbua, afadhali aambiwe na mtu wake. Dada yake, kwa mfano.

Nikamgeukia Dardo. Mwambie wewe, bwana, kazi hii unaijua. Yeye anaangalia kijiko. Akasema, "Zule, nilimwambia mara moja. Mara ya pili siwezi. Kweli siwezi."

Nikasema sawa, nitamwambia. Nimelisema kirahisi tu, kama naulizwa vifungo vyeupe vipo. Kisha nikala sandwichi yangu ikaisha.

Jumamosi, 7 Oktoba 2017

Nilikwenda. Nilipanga maneno njiani, mafupi, manne matano.

Wiki iliyopita Varo alinunua lastiki dukani, ile nyembamba nyeusi. Nilidhani ni ya suruali, amekonda. Kumbe! Amezifunga fimbo mikononi nayo, imezungushwa kwenye vidole mpaka kifundo, fimbo zimeng'ang'ania hazitoki. Ngozi imechubuka. Akanipigia nyimbo zote saba za onyesho mfululizo, mimi nimekaa kwenye ndoo. Si kama zamani. Kuna mahali anachelewa, mahali anawahi. Lakini hakuangusha.

Akaniuliza, "Eeh? Sema basi!"

Nikasema lastiki ya rangi ya shaba ingependeza zaidi.

Sikusema lingine. Nimekula mchuzi wa dengu kwake, nimerudi.

Jumapili, 15 Oktoba 2017

Siku ya Mama. Tumempelekea maua makaburini. Varo akapiga magoti kwa shida, akagonga jiwe kwa kidole kama mlango, akamwambia kesho, mama, nyimbo zote. Nilisimama nyuma yake na kopo la maji. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ninao, wala haukufungwa na mtu.

Jioni Dardo kaniandikia kwenye simu: umemwambia?

Nimejibu: ndiyo.

Mungu wangu. Zulema, una wazimu.

Jumatatu, 16 Oktoba 2017

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Naandika hapa hapa, gotini, nisipoandika nitapiga kelele.

Tulifika mchana. Varo kavaa shati la kijani la mwaka ule wa uwanja, tumbo halipo tena, linamning'inia. Kaweka fimbo mezani na lastiki zake, kapanga kila kitu, kachemsha maji, katuzungushia kibuyu. Dardo alimkumbatia kwa nguvu mno, akamwambia wewe ni mwanaume kweli, mimi nisingeweza kuipokea kama ulivyoipokea. Varo akacheka, "Kupokea nini, busu lako?" Dardo akaniangalia. Nikainama, nakaza uzi wa besi uliokwisha kukazwa.

Ndipo Fabricio akaingia. Kijana wa watu, hana kosa lolote. Akampa Varo mkono, akasema mzee, heshima kubwa, nimejifunza dramu kwa kanda zako. Usiwe na wasiwasi, nyimbo za mbele nitazishika mimi vizuri, ule wa mwisho ni wako.

 Huko nje watu wameshaanza "Vifungo," ukuta unatetemeka.

Varo hakumwangalia Dardo. Aliniangalia mimi. Sikukimbiza macho, hilo angalau. Nikasema, "Nilishindwa, Varo. Walinituma nikashindwa."

Akatikisa kichwa, taratibu, ndiyo. Akamwambia Fabricio keti, kijana. Akamimina kibuyu, maji yakamwagika mezani mpaka kwenye fimbo, akampa. Kijana akanywa, akarudisha, hakusema neno — kumbe amelelewa vizuri.

Halafu Varo akanisogezea birika. Mimi! "Mimina wewe, dada."

Miaka thelathini hakuna aliyeligusa. Ni zito kuliko nilivyodhani. Nimemimina, nimempa. Amekishika kibuyu kwa mikono miwili, anavuta.

Sasa kinafoka. Kimekwisha, kila mtu humu anaujua mlio huo. Dardo amejibana ukutani, ameziba mdomo kwa kiganja. Wote tunalisubiri lile neno, asante. Akilisema limetoka, namjua. Hatapanda jukwaani, si kwa wimbo mmoja wala kwa saba, na hatashika fimbo tena mpaka azikwe.

Ninaogopa. Nimeandika nikaangalia, ndiyo, ninaogopa! Mwandiko huu si wangu.

Pelliza amegonga mlango, dakika tano, mmejipangaje, nani anaanza.  Fabricio ameziokota fimbo za Varo, amezifuta maji kwa shati lake, amezirudisha mezani palepale.

Varo bado ana mrija mdomoni. Hamna kitu ndani, anavuta hewa tu, na kibuyu hakirudishi.