Aiskrimu ya Masuku na Chupa ya Wifi

Mpendwa Mama Benigna, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana mume wangu Thadei nikimweleza ananicheka tu. Mimi ni mama wa hapa Songea, natengeneza aiskrimu nyumbani tangu tulipopata friza, na niseme bila haya kwamba hakuna anayenifikia, watu wanatoka mpaka Namtumbo wakishuka basi wanauliza kwa mama wa aiskrimu ni wapi, kwa sababu mimi sigandishi maji ya rangi kama wengine, mimi natia matunda, pasheni, maembe, na mvua zikianza natia masuku, yale yaliyoanguka yenyewe porini, maana suku la kutikiswa mtini linakaza ulimi, nayavundika, nayaminya, nachuja kokwa, na ukiionja Mama utasahau jina lako.

Sasa wifi yangu Kunegunda, dada wa Thadei, amekuja kutoka Dar kumwoza binti yake hapa nyumbani, na wakwe wanatoka huko huko Dar. Amekuja na chupa ya ladha, si unajua siku hizi maduka yamejaa vitu vya Dubai, ina picha ya tunda la manjano ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kulila, akaniambia, "Wifi, utatia hii. Usije ukawapa wakwe zangu masuku, watasema tumewalisha chakula cha njaa!" Na kweli kwetu tunda la porini haliwekwi mbele ya wakwe, hilo nalijua. Basi nikatia kifuniko kimoja kwenye maziwa, yakanuka sabuni, nikamwaga yote, nikatengeneza ya masuku. Kamati ya harusi ilipokuja, wifi akaonja, akaonja tena, akasimama: "Mnaona? Hiyo ndiyo ladha ya Ulaya!" Wakapiga makofi, wakakubaliana itangazwe ukumbini kwamba mama wa bibi harusi ameileta kutoka nje, na mimi nimesimama pale na upawa mkononi.

Harusi ni baada ya Noeli. Nikisema namwaibisha wifi, nikinyamaza chupa inachukua sifa za mikono yangu. Nifanyeje?

Leticia, Songea

MAMA BENIGNA ANAJIBU:

Leticia mwanangu, barua yako imenitia mate mdomoni na hasira kifuani. Pole, kuona kazi yako ikipigiwa makofi kwa jina la chupa kunauma. Lakini pia nikugombeze. Kwangu umejisifu ukurasa mzima, na pale ulipotakiwa kutamka neno moja tu, masuku, ulimeza. Usiniambie ulimwonea haya wifi. Uliyaonea haya masuku.

Na huyo wifi, kama ni dada wa Thadei, kakulia wapi? Ameyaokota masuku kwa kikapu tangu hajaota meno ya ukubwani. Ulimi wake umeyatambua, kichwa ndicho kinachobisha.

Sasa sikiliza. Nenda kwake ukiwa peke yako, kamati isijue, ubebe bakuli la aiskrimu na ile chupa iliyopungua kifuniko kimoja tu. Mwambie, "Wifi, uliyoisifu ni hii, na chupa yako hii hapa." Atanuna, mwache anune. Akimaliza, mkalishe muminye masuku pamoja, na tangazo la ukumbini liwe lake: mama wa bibi harusi anawakirimu wakwe kwa tunda la kwao Songea. Hapo nani kaaibika? Mila inakataza kumtupia mkwe tunda kama lilivyookotwa. Wewe umelichuja, ukaligandisha na maziwa. Hicho ni chakula cha heshima.

Lakini usiharibu kwa haraka. Rojo la masuku lichemshe na sukari, lipoe kabisa, ulitie kwenye maziwa yakianza kuganda, kisha upige tena kwa mchapo wa kupigia mayai. Ukilitia bichi litaganda mabonge, wakwe watavunjika meno na utanilaumu mimi.

Wifi akikataa katakata, mrudishie chupa yake, atengeneze mwenyewe. Friza ni yako.

Siku ya harusi usimwachie mtu upawa, gawa mwenyewe. Baba wa bwana harusi akirudi na bakuli tupu kuuliza ni kitu gani hiki, inua uso, ujibu kwa sauti ya kufika meza kuu: "Masuku, baba. Karibu Songea."