Mkate si Chakula

Jumanne, 9 Septemba

Chapati za asubuhi zimeliwa, vikombe vimeoshwa, sasa nachambua mchele wa mchana. Kabla sijamaliza nitaulizwa jioni tunapika nini. Nyumba hii ya Tabata inakula mara tatu kwa siku, na mara zote tatu jikoni niko mimi.

Jana nilipigiwa simu. Kazi ya maktaba, chuo kimoja upande wa Mwenge. Nimeipata. Naanza Jumatatu tarehe 29. Nilimwambia mume wangu, Idrisa, wakati anavua viatu. Alifurahi. Kiatu cha pili hakijatoka, akauliza: "Na Mama atakula nini?"

Mama ni mama yake. Ana sukari. Nesi wa kliniki amemkataza sembe, chapati na wali mwingi. Nampikia hivyo hivyo kwa sababu vingine hali. Ugali wa dona anasema ni chakula cha jela.

Sharti la Idrisa: Mama apate chakula cha kueleweka, kisichonihitaji jikoni kutwa. Hapo niende. Ni mume mwema. Ndiyo maana ni vigumu kumkasirikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata! Bekari iliyofunguliwa karibu na kituo inauza mkate wa nafaka mchanganyiko. Ngano isiyokobolewa, mtama, ulezi, shayiri. Juu alizeti na ufuta. Nilimpigia nesi. Akasema unafaa, slesi mbili kwa mlo, pamoja na maharage au samaki na mboga za majani. Nimeubeba kifuani, bado una joto.

Mama aliugeuzageuza, akagonga ganda kwa ukucha. "Rehema mwanangu, hizi mbegu si za njiwa?"

Lakini alikula. Zote mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi mkate na yai. Mchana mkate na mchuzi wa samaki. Jioni mkate na mchicha. Nakata, napanga kwenye kisahani, namwekea sebuleni, narudi chumbani. Kisahani kinarudi kitupu.

Nina muda. Nilikuwa nimesahau muda unafananaje. Nimesoma mchana kutwa. Nimepiga pasi sketi ya kazini na kuitundika mahali nitakapoiona.

Jumatano, 17 Septemba

Sukari ya Mama imepanda. Idrisa alimchoma kidole kabla ya chai, akaangalia mashine, kisha akaniangalia mimi.

"Umemlisha nini?"

Mkate. Ule aliousifu nesi. Nilisikia uso unawaka. Mama alikaa amekunja mikono mapajani, mpole, kama hayupo. Kazi haikutajwa. Hakukuwa na haja.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimejua.

Mchana nilikwenda kwa Mama Zuhura, jirani wa ukuta kwa ukuta, kuomba ndimu. Nikamkuta Mama mkekani, sinia mbele yake, tonge la sembe mkononi. Aliniona. Tonge hakulirudisha.

"Wee, usinitolee macho. Mkate wako nimeumaliza, kakiulize kisahani."

Mama Zuhura alicheka mpaka akapaliwa. "Jamani, bi msomi! Mkate si kitafunwa? Mtu mzima ashinde na kitafunwa?"

Kumbe. Siku zote hizi mkate wangu ulikuwa wa kusubiria chakula. Mama anautafuna, kisha anavuka kwenda kula. Hajaona kama anadanganya. Na mimi ningepaswa kujua. Kwetu siku tuliyomaliza mkate mzima watu watatu bado tulisema tumekunywa chai tu.

Tukirudi, Mama alisema bila kunitazama: "Na kile kisahani. Kama niko wodini. Unaniwekea, unakimbia."

Idrisa sijamwambia. Sijui ni huruma au ni aibu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimetoa sinia. Slesi za Mama mbili, zangu mbili, mchuzi wa samaki katikati, maji ya kunawa. Nikakaa mkekani. Tukachovya pamoja. Mama akasema mchuzi umepungua ndimu. Akala, akanawa, akajilaza hapo hapo. Kwa jirani hakwenda.

Nimeshiba na nina hasira. Mkate ulipaswa kukaa mahali pangu. Sasa hauliki bila mimi.

Jumatano, 24 Septemba

Sukari imeshuka. Idrisa alitaka kuninyanyua juu.

"Unaona? Ni mkono wako huo. Sasa kweli Mama nimwachie nani?"

Alisema kwa mapenzi kabisa. Nilikuwa nimeshika kisu cha mkate. Nikaenda kukiosha, na kilikuwa kisafi.

Nikishindwa, nibaki. Nikiweza, nibaki. Hakuna jibu la tatu. Nimelitafuta siku nzima.

Mama alikuwa barazani, dirisha wazi. Najua alisikia. Baadaye aliita: "Hiyo kazi ya vitabu inaanza lini?"

"Jumatatu, Mama."

"Aa."

Basi.

Ijumaa, 26 Septemba

Sketi nimeirudisha kabatini. Nimeandika ujumbe wa kuwaomba radhi wale wa chuo. Sijautuma. Nautazama tu.

Mchana Mama alimwita Mama Zuhura kupitia ukutani. "Njoo huku leo, tule chakula cha njiwa!" Walikula wawili, wakasengenya mtaa mzima, mie nikawa wa kuongeza mchuzi. Mama alimpiga jirani yake kofi la mkono alipotaka slesi ya tatu. "Mbili! Nesi kasema."

Jioni akaniuliza kisu cha mkate nakiweka wapi. Nikamwonyesha. Nilidhani anataka kukata kitunguu.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika haraka, nimesimama.

Nilipoingia jikoni mkate ulikuwa umeshakatwa. Slesi nene upande mmoja, nyembamba upande mwingine. Makombo mpaka sakafuni. Kwenye sinia slesi nne zimefunikwa kwa kawa, kando yake sufuria ya maharage ya jana. Za mchana. Mbili zake, mbili za Mama Zuhura.

Pembeni kile kisahani. Slesi moja na yai. Changu.

Mama alikuwa uani anafagia, mgongo kwangu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Chai yako inapoa."

Hakugeuka. Idrisa ametoka chumbani, amesimama mlangoni, anaangalia sinia, anamwangalia mama yake. Ufagio hausimami.

Ujumbe nimeufuta. Sketi imekunjamana, nimeivaa hivyo hivyo.

Natafuna. Ni nene mno, na alizeti inakwama kwenye meno.