Uliishia Kwenye Michongoma

Shikamoo Mama,

Najua hutaitikia, ila nimeshindwa kuanza bila shikamoo. Sijatulia tangu tumalize matanga. Naketi, nainuka, naenda kuchungulia migomba yako, narudi kwenye kitabu. Migomba haijambo. Kitabu ndicho kinanitesa.

Ni kile cha shule yetu hapa Kamuli, ulichokuwa ukiniuliza kitaisha lini. Hadithi yake niliirudisha nyuma hadi enzi za Mjerumani ili nipumue kidogo. Mwalimu wetu wa darasa la tatu nimempa kofia na masharubu, ungecheka. Kile kibao alichotuvisha shingoni kwa kusema Kinyambo chetu nimekiacha kilivyokuwa, na fimbo zake pia. Imebaki sura moja, na wachapishaji wanaitaka wiki hii: mama wa mtoto anayechapwa anakwenda shuleni kumtetea.

Alikuwa haendi, Mama. Kila nilipomwandika alifika kwenye michongoma ya shule, akasimama. Nikawa namkasirikia, maana hata wewe hukuja nilipochapwa. Nilirudi mapaja yamevimba, ukanikanda kwa maji ya moto, ukasema, "Gumisiriza, mwana wange." Nivumilie mpaka lini? Nilikuwa mtoto!

Siku ya matanga, tukimenya ndizi, nilimweleza mama mdogo haya yote. Akaweka kisu chini.

"Nani kakwambia hakuja? Alikuwa anafika pale kwenye michongoma, anakusikia unalia, anarudi na yeye analia. Angeingia aseme nini? Kiswahili hana, na Kinyambo ndicho mlichokuwa mnachapiwa."

Mama, kwa nini hukuniambia? Tangu siku hiyo naandika na kufuta. Nikimwacha pale nje, nimesema kweli, lakini roho inaniuma. Nikimwingiza, naona kama nakusingizia ushujaa, na wewe hupendi uongo.

Jana nimemwingiza. Anapita mlangoni na tope la shambani miguuni, anasema Kinyambo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu haelewi hata neno moja. Watoto wote wanaelewa.

Nisamehe kama nimekosea, ila siifuti tena. Kitabu kikichapwa nitakuja nacho hapo ulipolala, kando ya mibuni. Sura hiyo nitakusomea kwa Kinyambo, kwa sauti, wanaopita njiani wasikie.

Lala, Mama. Safari hii umefika ndani.

Mwanao,
Koku