Chumba cha Ukili

Nguvumali, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Wete, na goti limepoa. Mimi mwili hauna neno. Eda naikalia hapa kwa mama mkwe, na wananitunza kuliko ninavyostahili. Wananiuliza kama nimelia, nawajibu sijalia. Si ushujaa, mama. Sisikii kitu tu, hata chai siisikii utamu.

Uliuliza kwa nini nashinda kwenye kompyuta ya marehemu mume wangu. Jirani yetu Bi Semeni ameshanisema mtaa mzima, eti mjane gani anachati edani. Unakumbuka Idarusi alitunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta kwa Kiswahili, akaiita Ukili. Vijana wa Makorora hapa mjini waliipenda, na wa kwetu Pemba pia. Lakini kwenye jukwaa la mtandaoni wanakoulizana watunga programu, haikuwa na chumba chake. Maswali yake yalitupwa chumba cha Mengineyo, na mengi yakafutwa. Kosa lilikuwa adabu zetu. Mtu wa pwani haulizi kitu kabla ya kusalimu, kujuliana hali na kuomba dua, na wasimamizi wa jukwaa, walioko mbali, waliona ni porojo. Idarusi aliwaomba watu wafupishe salamu, wakasema kisomo kimempanda kichwani.

Amefariki maombi yake ya kupewa chumba hayajajibiwa. Wiki tatu zilizopita wasimamizi walikubali, na salamu zikaruhusiwa. Sharti lao ni kwamba chumba kiwe na mwenyeji na maswali yaendelee kuja, la sivyo kitafungwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Tahiri wa Tongoni, ambaye hakuwa na habari za msiba. Aliandika, “Shikamoo kaka Idarusi. Hongera kwa chumba. U hali gani?”

Hili sijamwambia mtu, mama. Akaunti ilikuwa wazi kwa jina la Idarusi, nikaandika, “Marahaba. Sijambo.” Kisha nikamjibu swali lake, maana Ukili naijua, tumeitengeneza wote wawili. Wakaja wengine, nikawaitikia vilevile. Siku ya maziko wanaume walikwenda makaburini, mimi nikabaki ndani. Niliona nikisema ukweli, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu.

Juzi asubuhi niliandika, “Idarusi amefariki. Mwenyeji wa chumba ni mimi, mkewe Hasina.” Rambirambi zimekuja nyingi, hadi za watu nisiowajua. Baada ya hapo kimya. Hakuna anayeuliza tena, kwa kuwa nani atamsumbua mfiwa kwa mambo ya kompyuta? Wananistahi, na chumba kitafungwa kwa kustahiwa huko.

Mwambie mdogo wangu Shaame, aliyeanza kujifunza Ukili, aingie aniulize swali. Hata la kijinga, mama. Mwambie dada yake yupo, atamjibu.

Nisalimie wote wa nyumbani, wakubwa shikamoo zao, wadogo nawapenda. Niombee dua.

Mwanao,
Hasina